Asiyeona Anaweza Kujifunza Kutembea Mwenyewe



Somo letu la afya leo linamhusu mtu aliyekuwa anaona, kisha akapoteza macho. Huenda ni mzee wa nyumbani kwako. Huenda ni jirani yako. Huenda ni wewe mwenyewe, na sasa unasomewa gazeti hili na mwanao.

Katika vijiji vyetu vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mtu akipoteza macho, mara nyingi hutokea mambo mawili. La kwanza, mtu huyo anakaa. Anatandikiwa mkeka barazani, analetewa chakula, naye anangoja jua lichwe. Miguu inadhoofika. Viungo vinakaza. Moyo unasononeka.

La pili, mtoto mmoja wa nyumba hiyo anafanywa kuwa macho yake. Mtoto anashika ncha moja ya fimbo na mzee anashika ncha ya pili. Wanakwenda hivyo sokoni, msikitini, kanisani na zahanati. Mzee akiwa na safari Jumatatu asubuhi, mtoto haendi shule Jumatatu asubuhi.

Basi macho ya mtu mmoja yakizimika, watu wawili wanapata hasara. Mzee anapoteza uhuru wake. Mtoto anapoteza masomo yake.

Jambo tunalotaka kusema leo ni hili. Kutembea bila kuona ni kazi inayofundishwa na kujifunzwa, kama kusoma na kuandika. Wewe unayesoma gazeti hili hukuanza na gazeti. Ulianza na a, e, i, o, u. Asiyeona naye huanza na chumba chake. Halafu ua wake. Halafu njia moja. Halafu njia ya pili.

KWANZA, NENDA UKAPIMWE MACHO

Kabla ya kujifunza kutembea bila kuona, hakikisha kwamba macho yako kweli hayatibiki. Watu wengi hukaa gizani miaka mingi bila sababu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona. Kati yao, watu wasiopungua bilioni 1 wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa, au ambalo bado halijatibiwa.

Ugonjwa mmoja unaowapata wazee wengi ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho inaingia ukungu, na mtu anaona kama anatazama kupitia moshi. Ugonjwa huu hauponi kwa dawa ya kutia machoni. Unatibiwa kwa upasuaji. Daktari anatoa lenzi yenye ukungu na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Wengi waliofanyiwa hivyo wameona tena.

Ugonjwa mwingine ni presha ya macho. Huo huiba macho polepole, mara nyingi bila maumivu. Uoni uliokwisha potea haurudi. Lakini matibabu yanaweza kulinda uoni uliobaki. Kwa hiyo usichelewe.

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukiandikiwa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, nenda. Jicho likiuma sana, likiwa jekundu, au likizimika ghafla, nenda siku hiyo hiyo. Usitie jichoni majani, maziwa wala dawa ya mtaani. Vitu hivyo vinaweza kuunguza jicho na kuleta upofu ambao haukuwapo.

Ukipimwa na kuambiwa kwamba macho hayatarudi, usikate tamaa. Hapo ndipo somo la kutembea linapoanza. Na kama bado unaona kidogo, kwa mfano mwanga na kivuli, utumie uoni huo. Hata kidogo kinasaidia.

MFANO WETU

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano tulioutunga. Mzee mmoja wa Ujiji alikuwa mvuvi wa dagaa. Macho yake yamepotea kwa presha ya macho. Nyumbani anaishi na mkewe na mjukuu wa kike wa darasa la nne. Mzee anataka mambo mawili. Anataka kwenda msikitini mwenyewe, na anataka kwenda mwaloni kukaa na wavuvi wenzake na kushona nyavu. Mikono yake bado inajua kushona nyavu. Kinachomshinda ni njia.

Tumfuate mzee huyu hatua kwa hatua.

NYUMBA NDIYO DARASA LA KWANZA

Mzee aanze ndani ya nyumba. Asimame mlangoni, mgongo wake ukigusa mlango. Kutoka hapo mkewe amweleze: kitanda kiko mkono wa kulia, mtungi wa maji uko kushoto, dirisha liko mbele. Kisha mzee aende mwenyewe kwenye kila kitu, na kurudi mlangoni. Mlango ndio mwanzo wake. Akipotea chumbani, arudi mlangoni.

Anapopita kandokando ya ukuta, aguse ukuta kwa mgongo wa vidole, si kwa ncha za vidole. Vidole vikunjwe kidogo. Hivyo akigonga msumari au ubao, hataumia sana.

Mkono wa pili uwe ngao. Anapohofia kugonga uso, ainue mkono na kuukunja mbele ya paji la uso, kiganja kikitazama mbele. Anapoinama kuokota kitu, afanye vivyo hivyo. Watu wengi wasioona huumia uso wakati wa kuinama.

Watu wa nyumbani nao wana kazi:

1. Kila kitu kikae mahali pake. Ukihamisha kiti, mwambie.
2. Mlango uwe wazi kabisa, au ufungwe kabisa. Mlango ulio nusu wazi unapasua paji la uso.
3. Shoka, jembe, kuni na ndoo visiachwe njiani.
4. Jiko la moto liwe mahali pamoja siku zote.
5. Kisima na mashimo ya taka vifunikwe.

KAMBA YA KWENDA CHOONI

Safari ya kwanza ya nje ni ya kwenda chooni. Ni safari fupi, lakini inarudisha heshima ya mtu. Mtu mzima hapendi kupelekwa chooni na mjukuu.

Funga kamba imara kutoka nguzo ya nyumba hadi nguzo ya choo, kimo cha kiuno. Katikati isimamishe kwa miti ili isilegee. Mahali penye ngazi au jiwe, funga fundo moja. Karibu na mlango wa choo, funga mafundo mawili. Mzee atashika kamba na kusoma mafundo kwa mkono, kama wewe unavyosoma herufi kwa macho. Kamba isikate njia ambayo watu wengine hupita usiku.

Ndani ya choo, weka mawe mawili ya kukanyagia ili miguu ijue mahali pake. Tundu la choo liwe na mfuniko.

MASIKIO, PUA, NGOZI NA NYAYO

Baada ya ua, mzee ajifunze kusoma dunia ya nje. Anayeona hutegemea macho na kusahau viungo vingine. Asiyeona huvifundisha kazi upya. Sisi watu wa mwambao huu tumebahatika, maana nchi yetu ina alama nyingi.

Alama ya kwanza ni jua. Ziwa letu liko upande wa magharibi. Jua huchomoza upande wa nchi kavu na kuzama upande wa ziwa. Asubuhi, ukihisi joto la jua usoni, ziwa liko mgongoni kwako. Jioni, ukihisi joto usoni, unaelekea ziwani. Saa sita mchana alama hii haifai, kwa kuwa jua liko utosini.

Alama ya pili ni upepo. Mara nyingi mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Lakini upepo ni kigeugeu. Usiutegemee peke yake.

Alama ya tatu ni sauti. Mawimbi husikika upande wa maji. Mashine ya kusaga haihami. Adhana hutoka mahali pale pale kila siku. Ukuta nao una sauti. Piga ulimi au gonga fimbo karibu na ukuta, utasikia sauti inarudi. Ukifika mwisho wa ukuta, sauti inafunguka. Jifunze jambo hili polepole.

Alama ya nne ni harufu. Dagaa walioanikwa hunukia mwaloni. Mafuta ya maandazi hunukia kwenye mgahawa. Mbao mpya hunukia kwa seremala.

Alama ya tano ni ngozi na nyayo. Ujiji inajulikana kwa miembe yake. Ukiingia kwenye kivuli cha mwembe, ngozi husikia ubaridi. Ukitoka, joto hurudi. Nyayo nazo hujua tofauti ya lami, changarawe, majani na mchanga. Hata hivyo usitembee pekupeku. Vaa viatu vya kufunika vidole, vyenye soli nyembamba kidogo. Mwenye ugonjwa wa kisukari asikose viatu kabisa, kwa sababu anaweza kujikata bila kusikia maumivu.

Mvua inaponyesha sana kwenye mabati, sauti zote hupotea. Wakati huo asiyeona angoje, kama vile anayeona angojavyo katika giza nene.

FIMBO NYEUPE

Sasa tufike kwenye fimbo. Fimbo hii si mkongojo wa kuegemea. Fimbo hii ina kazi mbili. Inatafuta njia mbele ya miguu. Na rangi yake nyeupe inawaambia watu wote: ninayekuja sioni, nipisheni.

Historia yake ni hii. Mwaka 1921 huko Bristol, Uingereza, mtu mmoja aitwaye James Biggs, aliyepoteza macho kwa ajali, alipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wengi walipoteza macho. Katika hospitali moja ya jeshi huko Marekani, Richard Hoover alitengeneza namna ya kutumia fimbo ndefu na nyepesi, kwa kuizungusha kushoto na kulia mbele ya miguu. Namna hiyo ndiyo inayofundishwa hadi leo. Kila mwaka tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe.

Fimbo za kukunja za viwandani zipo, lakini usingoje hizo. Kijiji kinaweza kutengeneza fimbo.

1. Tafuta mti mkavu, mwepesi, ulionyooka. Unene uwe kama kidole gumba. Mwanzi usio na ufa unafaa pia.
2. Urefu uwe kutoka ardhini hadi mfupa wa kifua wa mwenye kuitumia. Fimbo fupi inachelewa kutoa habari.
3. Lainisha kwa msasa isiwe na miba.
4. Chini valisha kipande cha bomba la plastiki gumu, ili ncha isiliwe na ardhi.
5. Juu zungushia mpira wa ndani wa baiskeli, ili mkono usiteleze.
6. Paka rangi nyeupe. Ikichafuka, ioshe. Ikichakaa, ipake tena.

Kutumia fimbo ni hivi. Shika fimbo kama unavyomshika mtu mkono kumwamkia, na kidole cha shahada kilale juu ya fimbo kikielekea chini. Mkono ukae mbele ya kitovu. Peleka ncha ya fimbo kushoto na kulia, ikivuka mabega kidogo tu. Isiinuke juu. Iguse ardhi kushoto, kisha iguse kulia.

Sasa linganisha na miguu. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, fimbo inagusa kushoto. Mguu wa kushoto unapokwenda mbele, fimbo inagusa kulia. Hivyo fimbo hupapasa mahali ambapo mguu unaofuata utakanyaga. Mwanzoni inachanganya. Jizoeze uwanjani mahali tambarare, nusu saa kila siku, mpaka mikono na miguu ielewane.

Kumbuka kwamba fimbo inajua habari za chini tu. Haijui tawi la mti, kamba ya kuanikia nguo wala nyuma ya lori. Kwa hiyo tembea polepole mahali usipopajua, na mkono wa ngao uwe tayari.

Mzee anayehitaji pia kuegemea anaweza kushika mkongojo kwa mkono wa pili.

KUJIFUNZA NJIA MOJA

Mzee wetu amejizoeza fimbo uwanjani. Sasa anachagua njia moja, ya kwenda mwaloni. Njia nzima ni ndefu kuikumbuka. Kwa hiyo anaikata vipande.

Kipande cha kwanza: kutoka mlangoni hadi mwembe mkubwa, hatua arobaini.
Kipande cha pili: kutoka mwembe hadi mashine ya kusaga, majani yakiwa mkono wa kulia.
Kipande cha tatu: kutoka mashine hadi mahali changarawe inapoisha na mchanga unapoanza.
Kipande cha nne: kutoka mwanzo wa mchanga hadi banda la wavuvi.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, siku isiyo ya shule. Mjukuu alimkuta babu yake mlangoni.

"Shikamoo babu. Nishike fimbo nikupeleke?"

"Marahaba mjukuu wangu. Leo usishike fimbo. Tembea nyuma yangu. Nikikosea usinivute. Sema tu, babu simama."

Siku za kwanza msaidizi awe karibu, hatua mbili nyuma. Baadaye hatua kumi. Baadaye angoje mwisho wa kipande. Baadaye angoje mwaloni. Mwisho abaki nyumbani. Wengine watatumia wiki nne. Wengine watatumia miezi. Msifanye haraka, na msifanye njia ya pili kabla ya kwanza haijakaa kichwani.

Mafunzo haya yafanywe na mtu mzima kila inapowezekana. Mtoto asaidie saa zisizo za shule tu. Lengo letu ni kumrudisha mtoto darasani.

Asiyeona akipotea afanye hivi: asimame, asikilize, kisha arudi polepole kwenye alama ya mwisho aliyoitambua. Akishindwa, amwite mtu. Kuuliza njia si aibu. Hata anayeona huuliza akifika ugenini. Simu ndogo ya vitufe inasaidia pia. Kitufe cha 5 huwa na kipele, na kutoka hapo kidole kinajua vitufe vingine. Kabla ya kutoka, mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi.

NAMNA YA KUMWONGOZA ASIYEONA

Ziko safari ambazo asiyeona atahitaji mwenzake. Basi mwongozeni vizuri. Usimsukume mbele. Usimvute kwa fimbo. Mpe mkono wako, naye akushike juu kidogo ya kiwiko. Wewe uwe mbele nusu hatua. Mwili wako utamwambia habari zote. Ukishuka, atajua. Ukipinda, atajua. Mahali pembamba peleka mkono wako mgongoni, naye atapita nyuma yako. Penye ngazi simama kwanza, sema "tunapanda" au "tunashuka".

Kabla ya kumgusa, mwamkie na ujitaje. Usimkamate mtu ghafla barabarani ukamvusha. Huenda hakutaka kuvuka.

BARABARANI

Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto. Kwa hiyo mtu wa miguu, pasipo na njia ya kando, apite upande wa kulia ili magari yaliyo karibu naye yatokee mbele. Asiyeona afanye vivyo hivyo. Fimbo iguse ukingo wa majani upande wa kulia. Ukingo huo ndio ukuta wake.

Barabara za lami zina mitaro ya maji kando. Mingi haina mifuniko. Fimbo ikipotea chini ghafla, simama papo hapo. Usiendelee hata hatua moja kabla hujajua urefu wa shimo.

Kuvuka barabara kubwa, kama ile iendayo kati ya Kigoma na Ujiji, ni jambo la hatari hata kwa anayeona. Anayeanza kujifunza aombe msaada kila mara. Aliyezoea afuate hatua hizi. Achague mahali pasipo na kona wala gari lililoegeshwa. Asimame na kuweka fimbo mbele yake ionekane. Asikilize kulia, kushoto, na kulia tena. Angoje mpaka kuwe kimya kabisa. Kisha avuke moja kwa moja bila kukimbia na bila kurudi nyuma. Akiwa na shaka, asivuke.

Ajihadhari na baiskeli. Baiskeli haina mlio. Na pikipiki inayonguruma karibu inaweza kuficha mlio wa gari.

Reli nayo si njia ya miguu. Reli imenyooka, na asiyeona anaweza kuvutwa kuifuata kwa fimbo. Asifanye hivyo kamwe. Reli ivukwe mahali pa kuvukia tu, pamoja na mtu anayeona.

UFUKWENI NA BOTINI

Ufuko una hatari zake. Kuna kamba za mitumbwi, nanga, nyavu na chanja za dagaa. Mwaloni fimbo iende polepole, na ulize kabla ya kuingia katikati ya mitumbwi.

Usitegemee sauti ya mawimbi peke yake. Siku ziwa limetulia, maji hayasikiki. Tumia nyayo. Mchanga mkavu unazama chini ya mguu. Mchanga wenye maji ni mgumu na wa baridi. Ukihisi mchanga umekuwa mgumu, simama. Maji yako karibu. Mahali panapojulikana kuwa na mamba au viboko, kama penye midomo ya mito, asiyeona asiende peke yake.

Kuna jambo jingine la mwambao wetu. Tangu mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda mara kadhaa na kufunika baadhi ya njia, nyumba na mialo. Njia uliyoikariri mwaka jana inaweza kuwa ndani ya maji mwaka huu. Kwa hiyo kila baada ya mvua kubwa, pita tena njia yako ya ufukweni pamoja na msaidizi kabla ya kuipita peke yako.

Anayesafiri kwa boti, kwa mfano kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, amwambie nahodha mapema kwamba haoni. Avae jaketi la kuokolea maisha kabla ya kupanda. Kabla ya kukanyaga ndani, aguse ukingo wa boti kwa mkono na sakafu yake kwa fimbo. Akae chini, katikati, wala asisimame mpaka boti lifungwe. Upepo ukiwa mkali, aahirishe safari.

KAZI YA KIJIJI

Kutembea kwa asiyeona si kazi yake peke yake. Njia ni mali ya wote. Wanakijiji wafunike mashimo na wakate matawi yaliyoinama usawa wa uso. Wenye maduka wasipange ndoo na magunia njiani. Waendesha pikipiki na baiskeli wapunguze mwendo wakiona fimbo nyeupe, na wasipite kwa nyuma kimya kimya. Watoto wafundishwe kutocheza na fimbo ya asiyeona wala kumficha njia.

Haya si hisani. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inalinda haki za watu wenye ulemavu, pamoja na haki ya kufika na kutumia mahali pa umma. Mwenye shida aulize kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kipo pia Chama cha Wasioona Tanzania. Wasioona wenyewe ndio walimu wazuri kuliko wote, kwa sababu wamepita njia hiyo.

Wako watakaosema, "Mtu asiyeona atafika wapi?" Wakumbusheni mwaka 1969. Mwaka huo kundi la vijana wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania lilipanda Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, hadi kileleni. Walipanda kwa miguu yao wenyewe, baada ya mafunzo. Ikiwa mlima mrefu kuliko yote katika Afrika ulipandwa na wasioona, njia ya kutoka nyumbani hadi mwaloni nayo inaweza kujifunzwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pima macho kwanza. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji.
2. Anza na chumba, kisha ua, kisha njia moja.
3. Tumia alama mbili au tatu kwa pamoja. Usitegemee moja tu.
4. Fimbo nyeupe ifike kifuani, na ipapase mbele ya mguu unaofuata.
5. Ukiwa na shaka, simama.
6. Mtoto asiache shule ili awe macho ya mtu mzima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chetu ni nani waliopoteza macho? Je, wamepimwa?
2. Yuko mtoto asiyekwenda shule kwa sababu anamwongoza mtu? Tufanyeje ili arudi darasani?
3. Taja alama tano za kusikia, kunusa au kugusa kutoka nyumbani kwako hadi sokoni.
4. Kwa nini asiyeona apite upande wa kulia wa barabara?
5. Ni mashimo na mitaro gani ya kufunikwa kabla ya mvua?

KAZI YA WIKI HII

Kila kundi la kisomo litengeneze fimbo moja nyeupe kwa vipimo tulivyotoa. Mpelekeeni fimbo hiyo mtu anayeihitaji, mpimieni mpaka mfupa wa kifua, na mkae naye uwanjani nusu saa. Wiki inayofuata mrudi kumtazama amefika kipande gani cha njia yake.